Shingo ya Tisa

Kabla ya jambo lolote kutokea, hali ilikuwa hivi. Kiwanda cha mafuta ya makonyo kilikuwa na mitungi mitatu ya chuma, kila mmoja wa kimo cha watu wawili, na ndani yake makonyo ya karafuu, vile vijiti vinavyobaki karafuu zikichambuliwa, yalipikwa kwa mvuke tangu asubuhi hadi alasiri. Mvuke ukatoka umebeba mafuta, ukapozwa, mafuta yakakusanywa. Kuta za mitungi hiyo zilikuwa zimetandikwa bati la stenlesi kwa ndani, kwa sababu mafuta ya karafuu yakikigusa chuma cha kawaida hukila, na chuma kinacholiwa huyatia mafuta weusi. Lakini waliotengeneza mitungi ile hawakuzifikia shingo. Shingo ni vile vipande vifupi vya bomba vinavyochomoza kwenye mtungi ili mabomba mengine yaungwe hapo: moja ya kuingizia mvuke, moja ya kuutolea, moja ya kumwagia maji, moja ya kipimo cha shinikizo. Zilikuwa nne kwa kila mtungi, kumi na mbili kwa jumla, na ndani ya zote chuma kilikuwa tupu. Ngumi ya mtu mzima haikupita humo. Kwa misimu kadhaa mafuta yalitoka na rangi ya kahawa, wanunuzi wakayakataa, na mwaka ule, katika miezi ambayo hakuna mavuno na kiwanda hulala, iliamuliwa kwamba shingo zote zikatwe, zivikwe stenlesi kwa ndani kwa kuchomelewa, kisha zirudishwe mahali pake. Kazi alipewa Fundi Makame, mtu wa Kisiwa Panza. Chini yake tulikuwa wawili, Hamadi wa Fundo na mimi, sote tukiwa na umri wa miaka ishirini na minne. Na ilijulikana, ingawa hapakuwa na tangazo, kwamba kazi ikimalizika mmoja wetu angepelekwa Tanga kusomea uchomeleaji wa vyombo vya shinikizo kwa miaka miwili, na kwamba nafasi ilikuwa moja.

Habari za ukoo wangu hazina kazi katika sura hii. Inatosha kusema kwamba nilifika kiwandani nikitokea chuo cha dini, ambako nilikuwa nimesoma nahau na tajwidi, yaani sarufi na kanuni za kisomo, kwa miaka mingi kuliko wenzangu, na kwamba nilikuwa na hati nzuri. Kwa sababu hizo Hamadi aliniita Maalim tangu siku ya kwanza, na jina hilo likanishika. Yeye chuoni hakukaa sana. Alikuwa amekulia kwenye mikeka: mama yake alisuka ukili, naye alikaa ubavuni pake akisuka na kushona, jambo ambalo wanaume wengi wangelificha lakini yeye alilisimulia huku anacheka. Mwezi uliopita, mitungi ile mitatu ilipovunjwa na kuuzwa chuma chakavu, Hamadi, ambaye sasa ndiye fundi mkuu pale, alinipigia simu Unguja nilikostaafia ualimu wangu. "Njoo, Maalim," alisema. "Nimekuwekea kitu." Nilikwenda. Kitu hicho kiko mezani pangu ninapoandika maneno haya, juu ya karatasi zangu, na uzito wake unazizuia zisipeperuke.

Tulifanyia kazi katika stoo ya magunia, chumba kirefu chenye madirisha mawili madogo, na harufu ya karafuu ilikuwa imeingia katika kuta zake kiasi kwamba hata ukiwa na mafua uliisikia. Katikati palikuwa na meza ya chuma. Juu ya meza Fundi Makame alikuwa amefunga beringi za gurudumu la lori, shingo ikalazwa juu ya beringi hizo, na ubavuni akaweka mkono wa kuzungushia. Maana mambo ni haya: ndani ya bomba jembamba namna ile mchomeleaji hawezi kuufuatisha mkono wake mzunguko mzima. Lazima mkono wake utulie mahali pamoja, chini kabisa, na bomba lenyewe ndilo lizunguke, taratibu, mbele ya moto. Kijiti cha kuchomelea hukatwa nusu na kupindwa ncha. Mchomeleaji hutazama kwa kioo. Chetu kilikuwa kioo cha pembeni cha gari, kipande kisichozidi upana wa vidole vitatu, na Fundi Makame alikitunza kwenye mfuko wa shati lake kama mtu anavyotunza miwani. Kwa hiyo kazi ilihitaji watu wawili, mmoja wa kuchomelea na mmoja wa kuzungusha. Anayezungusha akichelewa, madini hurundikana na kuyeyusha chuma cha chini mno, stenlesi ikachanganyika na kuharibika. Akiharakisha, mstari huwa mwembamba na hubakia pengo baina yake na mstari wa jirani. Ndiyo maana matabaka huwa mawili: la kwanza daima hunyonya kidogo chuma cha chini, na ni la pili linalotegemewa.

Siku za mwanzo sote wawili tulijaribiwa. Mimi nilichoma mstari wangu kwenye kipande cha bomba kuukuu, nikakitoa nje kwenye mwanga. Fundi Makame alikitazama kwa heshima zote, akakigeuza, akakirudisha mikononi mwangu. "Maalim," alisema, "hapa hapajachomelewa. Hapa kapita mbuzi." Hamadi alicheka hadi akakaa chini. Kisha akachoma yeye, na kilipotoka kipande chake hakuna aliyecheka. Mistari ilikaa mmoja kando ya mwenzake, kila mmoja ukiukalia ule wa kabla yake kwa nusu, sawasawa, kama ukili unaposhonwa kuwa mkeka. Fundi Makame alipitisha kidole ndani, akapitisha tena. "Una nkono," alisema. Nimeandikiwa sifa nyingi tangu siku ile, nyingine zikiwa na mihuri, na hakuna hata moja ambayo nisingeibadilisha kwa maneno yale mawili. Mimi nikapewa kuzungusha. Nikapewa pia kupima na kuandika, kwa sababu ya hati yangu. Nilipouliza nizungushe kwa mwendo gani, Fundi Makame hakutaja saa wala hesabu. "Umesoma tajwidi?" "Nimesoma." "Basi soma moyoni. Vuta panapovutwa harakati mbili, na mkono uende na sauti. Usikimbie, usikokote." Nikazungusha hivyo. Shingo nane za kwanza zilivikwa kwa mwendo wa kisomo changu kisichosikika, na kama zilitoka nzuri, nusu ya uzuri huo ilikuwa yangu. Hakuna aliyewahi kulisema hilo, nami nilikuwa nikisubiri lisemwe.

Chuoni nilifundishwa kutofautisha ghibta na hasada. Ya kwanza ni kutamani nawe upate alichonacho mwenzio. Ya pili ni kutamani kimtoke. Nilizijua tafauti hizo kwa ushahidi na dalili zake, na ninaweza kueleza bila kubabaika ni wiki gani nilivuka kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Ilikuwa kwenye sinia. Mchana chakula kililetwa na Bi Asha, mkewe Fundi Makame: muhogo wa nazi na mchuzi wa pweza, sote watatu tukala pamoja juu ya magunia matupu. Fundi Makame alikuwa na tabia ya kusukuma minofu mbele ya mtu aliyempenda, kwa ncha ya kidole, bila kumtazama. Mwanzoni aliisukuma kwetu sote. Baada ya shingo ya tatu ilikwenda upande mmoja tu. Bi Asha aliyaona hayo kabla yangu. "Makame, mpe na Maalim," alisema siku moja akiwa amesimama mlangoni, "mkono wa kuzungusha nao una tumbo." Wakacheka, na Hamadi akachukua kipande kikubwa kilichokuwa mbele yake akakiweka mbele yangu. Nilikila. Lau angeninyima ningemchukia kwa sababu iliyonyooka. Alinipa, nikalazimika kutafuta sababu nyingine.

Asubuhi ya shingo ya tisa, ile ya kutolea mvuke katika mtungi wa tatu, nilikwenda ofisini kuomba karatasi. Ofisi ilitenganishwa na ukumbi kwa ubao usiofika darini. Meneja na Fundi Makame walikuwa wanazungumza nyuma yake.

"Wa Tanga ni yupi, Fundi?"

"Hamadi."

"Na yule mwengine? Nasikia amesoma."

"Kasoma, tena sana. Lakini kazi hii haisomwi. Muache na kitabu chake, kitabu anakiweza."

"Hatavunjika moyo?"

"Mtu hufa kwa kuvunjika moyo, bwana? Atazungusha."

Nilirudi stoo bila karatasi. Hamadi alikwishavaa barakoa ya kuchomelea, akaninyooshea kidole gumba. Tabaka la kwanza lilikuwa limekwisha tangu jana. Tulikuwa tunaanza la pili. Nikashika mkono wa kuzungushia, nikaanza kusoma moyoni, na kwa mara ya kwanza tangu utoto wangu sikuisikia sauti yangu mwenyewe. Nilisikia neno moja tu: atazungusha. Nimelirejea tukio hilo kwa miaka yote hii kama mtu anavyorejea nakala mbili za maandiko kutafuta ipi ni sahihi. Katika nakala moja mkono wangu ulikimbia kwa sababu fikra zangu hazikuwapo. Katika nyingine ulikimbia kwa sababu nilitaka ukimbie. Sijaweza kuthibitisha ya kwanza wala kuikanusha ya pili. Lililo yakini ni kwamba ulikimbia, mahali pamoja, kwa muda usiozidi pumzi mbili. Hamadi alipoinua barakoa alikuwa anatoka jasho na kutabasamu. "Yakhe, leo umeruka aya," alisema.

"Wapi?"

"Karibu na mwisho. Nilihisi chuma kimenikimbia. Nimejaribu kukifuata, sijui kama nimekipata." Akaipapasa shingo ile iliyokuwa bado moto, kwa nyuma ya glavu. "Haidhuru. Utapima wewe. Wewe ukisema imepita, mimi sitazami tena."

Kipimo chetu kilikuwa mrututu, yale mawe ya samawati ambayo watu huyasaga na kuyatia kwenye vidonda. Nilikuwa nikiyanunua Chake Chake, katika duka la Bwana Jivan, mzee wa Kihindi ambaye kila mara aliniuliza, "Hiki kidonda chako, bwana, hakiponi tu?" Mrututu ukiyeyushwa katika maji na kutiwa tone la asidi ya betri huwa dawa inayosema kweli. Ukiipaka juu ya stenlesi na kungoja dakika sita, hubakia samawati ile ile. Palipo na chuma kilicho wazi, hata kwa kiasi cha ncha ya sindano, hutua wekundu wa shaba. Hakuna jicho linaloweza kubishana na dawa hiyo. Nilikuwa nimezipima shingo nane, na kwa kila moja niliandika katika daftari mistari mitano au sita: namba yake, kazi yake, muda ambao dawa ilikaa, mahali penye mkwaruzo na kama ulikuwa upande wa kibla au wa mlango, kwa sababu nilizilaza zote kwa mwelekeo mmoja ili mtu mwengine aweze kuyahakikisha niliyoyaandika. Nilijivunia daftari lile. Lilikuwa jambo pekee katika chumba kile ambalo Hamadi hakuliweza.

Siku ya pili, kulipoadhiniwa alasiri, Fundi Makame na Hamadi walikwenda msikitini nami nikasema nitawafuata. Nikaipaka dawa shingo ya tisa, nikaingiza kioo, nikangoja. Dakika ya nne wekundu ulitokea. Ulikuwa mdogo kama punje ya mchele, mrefu kidogo, umekaa baina ya mistari miwili pale pale aliposema Hamadi, na uling'ara. Ninakumbuka kwamba nilifurahi, na ninaliandika neno hilo nikijua maana yake. Kulirekebisha doa hilo kungechukua saa moja: kusaga, kuchoma, kupima tena. Lakini ningesema, Fundi Makame angeuliza nani alizungusha. Na nisiposema, msimu ungefika, mafuta ya mtungi wa tatu yangetoka meusi, na kila mtu kiwandani alijua mkono uliozivika shingo zile ulikuwa wa nani. Hakuna aliyekuwa na desturi ya kumtaja anayezungusha. Nililolilalamikia kwa miezi mitatu sasa lilikuwa ngao yangu. Nikachukua kitambaa, nikaisugua shingo mpaka wekundu ukaondoka, nikafungua daftari na kuandika namba tisa. Kalamu ilikataa mistari mitano. Niliandika neno moja, "Safi," kisha nikaenda kuswali peke yangu, sala ya jamaa ikiwa imekwisha.

Nilipokwenda kwa Hamadi mwezi uliopita nilimkuta barazani kwake Gombani, amenenepa, ndevu nyeupe, na vijana wawili wamekuja kumwonyesha vipande vyao vya chuma. Nilikaa pembeni nikingoja amalize. Hakuwafundisha kwa maneno. Alipitisha kidole, akapitisha tena, na nilipokiona kidole kile wivu ulinipanda wote kwa pamoja, kana kwamba haukuwahi kulala. Mimi nimefundisha madarasa na madarasa. Nimeandika miongozo ya ukaguzi wa metali ambayo watu hawajui kwamba ni yangu. Hakuna kijana aliyewahi kuja barazani kwangu na kipande cha chuma. Tulikula muhogo na pweza, mkewe akituhimiza, na baada ya kunawa mikono aliingia ndani akatoka na kitu kilichofungwa gunia. "Kumi na moja zimekwenda na lori," alisema. "Hii nimeizuia. Namba tisa." Nikaifungua. Nje ilikuwa na kutu nyekundu nyingi. Ndani mistari ilikaa mmoja juu ya nusu ya mwenzake, myeupe, imetimia. "Umeiona?" alisema. "Mpaka leo ndiyo nzuri kuliko zote. Ndiyo niliyoichoma mara mbili, lazima iwe nzuri." Nilisema ndiyo, nimeiona. Alinimiminia kahawa, akanihadithia kuhusu mjukuu wake. Nilikuwa na alasiri nzima ya kusema nililolifuata kule, na boti yangu iliondoka asubuhi ya pili.

Msimu ule uliofuata kazi yetu, mitungi miwili ya kwanza ilitoa mafuta ya rangi ya asali changa, na watu walitoka ofisini kuja kuyatazama. Mtungi wa tatu ulitoa mafuta yaliyofifia, kisha ya kahawia, kisha meusi. Meneja alikuja akiwa ameyashika katika gilasi. "Hiki nini, Fundi? Hiki ndicho tulichongojea?" Fundi Makame alingoja mtungi upoe, akafungua shingo nne za mtungi ule moja baada ya moja, akaingiza kioo. Kwenye ile ya kutolea mvuke alikaa muda mrefu, kisha akampa Hamadi kioo. Hamadi alitazama. Palikuwa na mchirizi wa kutu, mwembamba, unaoanzia kwenye punje moja ya mchele.

"Nkono wangu huu," alisema Hamadi. Hakutafuta neno jengine. "Nilihisi siku ile."

"Na aliyepima?" aliuliza meneja, akinigeukia.

"Maalim alipima," Hamadi alisema haraka, "lakini doa dogo hivi, bwana, na mwanga wenyewe wa stoo, hata malaika lingemponyoka. Kosa la mchomaji si la mpimaji." Meneja alikiweka kile kigilasi juu ya dirisha. Alisema kwamba kwenda Tanga si zawadi ya mtu anayebahatisha, na kwamba afadhali apelekwe mwenye uangalifu. Kisha akaondoka. Hamadi alikwenda nje kunawa uso, akakawia.

Tulibaki wawili. Fundi Makame alinyoosha mkono nikampa daftari. Alikuwa msomaji wa polepole, akifuata mstari kwa kidole. Alisoma shingo ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote, hadi ya kumi na mbili, kisha akarudi kwenye ya tisa akakiacha kidole hapo.

"Kumi na moja umezitolea hotuba," alisema. "Hii umeipa neno moja."

Nilitazama meza.

"Ulikuwapo ofisini asubuhi ile. Bi Asha alikuona ukitoka." Alifunga daftari. "Nilisema vibaya juu yako, na hilo nitaulizwa mimi. Mimi kwa meneja siendi. Kama kuna la kwenda kusema, mdomo unao, na ofisi unaijua."

Meneja alikaa ofisini hadi magharibi siku ile, na siku tatu zilizofuata mlango wake ulikuwa wazi. Nilipita mbele yake mara nyingi. Fundi Makame aliendelea kusukuma minofu kwenye sinia, na sasa aliisukuma sawa kwa sawa, kwangu kipande, kwa Hamadi kipande, jambo nililolitaka tangu mwanzo.

Sikusema. Jumatatu iliyofuata nilipanda boti ya Tanga, na Hamadi ndiye aliyenibebea begi hadi bandarini. Mchana wa siku ile ile aliikata shingo ya tisa, akaisaga, akaivika upya, na aliyezungusha alikuwa Fundi Makame mwenyewe. Haikuharibika tena hadi mtungi ulipovunjwa.